Filta Iliyopita Chini ya Leso

Weka bisibisi chini. Ndiyo, hiyo hiyo uliyoshika, weka chini kwanza halafu tuongee. Najua ulipofika. Umelala chini ya gari lako uani, oili yote imeshaingia kwenye beseni, filta imekataa kutoka, na kuna kijana kwenye simu anakwambia uitoboe kwa bisibisi uizungushe kama usukani. Huyo kijana filta yake ilikuwa imelegezwa kabla kamera haijawashwa. Wewe uko peke yako, na siafu wameanza kupanda kwenye suruali.

Mimi nimestaafu. Ufundi nilianzia Sindo, nikamalizia Migori mjini, na katikati ya hapo sijui ni magari mangapi nimelala chini yake. Jina nililopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani mimi ni Mama Spana. Sijakasirika. Jina hilo nililitolea jasho, tena mbele ya wanaume waliokuwa wakifika gereji, wananitazama juu mpaka chini, kisha wanauliza fundi yuko wapi.

"Fundi ni mimi," nawaambia.

"Hapana mama, nasema fundi mwenyewe."

Basi nawaonyesha benchi wakae wamsubiri fundi mwenyewe. Wengine walikaa mpaka njaa ikawauma.

Nimefungua injini nzima za malori, nikazirudisha zikaunguruma, na sikuringa. Lakini kuna filta moja ya gari dogo ambayo nikiikumbuka mpaka leo natembea kifua mbele, na ilitoka wakati ovaroli langu lilikuwa limeshakunjwa likawekwa sandukuni. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia.

Ilikuwa ya Marwa, mume wa binti yangu Adhiambo. Marwa ni Mkuria wa Kegonga, kijana mpole, ana gari jeupe anabebea watu na magunia kati ya Kegonga na Ntimaru. Mama yake anaitwa Bhoke. Bhoke alikwenda Sindo kununua omena, wale dagaa wa ziwani, akapanda pikipiki iliyopakia kupita kiasi, ikaanguka naye, akavunjika mguu. Wakampeleka hospitalini Homa Bay, wakamtia chuma kwenye mfupa, akalala huko mpaka akachoka na kuta. Sasa daktari akamwambia mama, Ijumaa utakwenda nyumbani.

Ijumaa hiyo Marwa akatoka Kegonga alfajiri kwenda kumchukua. Akapitia kwangu Migori, kwa sababu Adhiambo alikuwa amekuja kunitembelea na wangeenda Homa Bay pamoja. Mimi nilikuwa shambani. Alipoegesha akakumbuka oili yake imekuwa nyeusi kama masizi. Oili mpya anayo kwenye buti, filta mpya anayo, na stoo ya mama mkwe imejaa vifaa. Akamwambia mke wake ni kazi ndogo, waimalize upesi ili mama asafiri na injini safi. Nia nzuri kabisa, siwezi kumlaumu. Matatizo mengi ya gereji nimeyaona yakianza na nia nzuri.

Niliporudi na jembe begani nikakuta miguu ya mwanamume imetokeza chini ya gari katikati ya boma langu. Viatu nikavitambua. Shati lilikuwa limepanda mpaka kifuani, tumbo lote nje.

Yawa! Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa nilivyoshtuka. Kwetu Wajaluo, na kwa Wakuria vilevile, mama mkwe na mkwe wake hawachezeani. Hatushikani mikono ovyo. Hawezi kula akinitazama usoni, hawezi kulala bomani kwangu hata mvua inyeshe namna gani, na tumbo lake mimi sina ruhusa ya kuliona. Nikakohoa. Nikasikia kichwa kikigonga chuma huko chini, pu! Halafu Marwa akatokea upande wa pili wa gari akiwa mweusi kwa oili mpaka masikioni, akakimbia kujificha nyuma ya tangi la maji.

"Shikamoo mama," tangi likasema.

"Marahaba. Nini kinaendelea hapa?"

Akajibu Adhiambo, akiwa amesimama na ule uso wake wa tangu utotoni, wa kuvunja kikombe. "Mama, filta imekataa."

Nikainama nikachungulia. Ee Mungu wangu. Alikuwa ameitoboa kwa bisibisi, akapindua, kopo likachanika. Akatoboa pengine, likachanika tena. Ilikuwa inaning'inia vipande vipande, na karatasi ya ndani imetoka nje, lakini kitako chake kiko pale pale kwenye injini, hakijasogea hata unywele. Oili ya zamani iko kwenye beseni. Mpya haiwezi kutiwa, maana itamwagika yote kupitia hilo tundu. Gari halikuweza kwenda mbele wala kurudi.

Sikilizeni hapa. Filta ambayo haijaguswa, hata ikatae namna gani, bado una njia za kuipata. Ichubue rangi kidogo kwa msasa ipate kushikika. Izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli, ukivute vizuri, mpira ushikane na bati, na mara nyingi inakuja yenyewe. Injini ikiwa vuguvugu ni rahisi zaidi, kwa hiyo washa kidogo kabla hujamwaga oili. Hayo yote yanataka kopo zima. Ukishalichana, umezifunga njia zote hizo kwa mkono wako.

Nikawa nataka kugomba, na mdomo wangu mnaujua. Simu ya Adhiambo ikalia. Alikuwa Bhoke. Mimi na Bhoke tunaongea Kiswahili kwa sababu yeye Kijaluo hajui na mimi Kikuria kinanipiga chenga, na kila mmoja wetu huongea kwa sauti kubwa akidhani mwenzake ni kiziwi.

"Mama Adhiambo! Kitanda changu wameshampa mtu! Niko kwenye benchi nje na mizigo yangu. Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko hapa, anatengeneza gari."

"Gari imekufa?"

"Haijakufa."

"Sikiza. Mimi leo nalala kwangu. Nimesema kwangu, kwa kitanda yangu. Saa nane ikifika sijaona gari, naita pikipiki."

"Bhoke! Si pikipiki ndiyo iliyokuvunja?"

"Hiyo ilikuwa ya Sindo," akasema. "Hapa kuna zingine."

Akakata. Na mimi ninamjua Bhoke. Huyo mama alishawahi kumfukuza fisi kwenye zizi kwa mwiko wa ugali. Akisema atapanda pikipiki kutoka Homa Bay mpaka Kegonga na mguu wenye chuma, atapanda, na atamwambia kijana aongeze mwendo. Nikaona mguu ule ukigongwa kwenye kila shimo njiani.

Tukatafuta gari lingine. Adhiambo akapiga simu kwa kila dereva tunayemjua. Lakini ilikuwa Ijumaa, siku ya kutoa maiti mochari, na siku hiyo kulikuwa na msafara mkubwa wa mazishi. Kila kilicho na magurudumu manne kilikuwa kimekodishwa. Hata vijana wa pikipiki wa pale kona walikuwa wametangulia kupiga honi mbele ya jeneza. Mtaa ulibaki na mimi, binti yangu, na sauti nyuma ya tangi.

Nikachukua ovaroli langu sandukuni. Nikamwambia Marwa aende mbali, apite hata nyumba ya jirani, nikaingia chini ya gari. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alikuwa amelala chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Jeki tupu! Nikatoka haraka nikaita magogo. Nyinyi mnaonisoma, hili silirudii kwa upole: jeki ni ya kuinulia gari, haikutengenezwa kulishikilia. Weka magogo, weka mawe makubwa bapa, weka kitu. Filta mpya utaipata dukani siku yoyote, lakini kifua chako hakiuzwi.

Tulipoweka magogo nikarudi chini, nikashika. Mikono yangu ikanikumbusha kwa nini nilistaafu. Vifundo vya vidole siku hizi vinauma hata nikifungua chupa ya mafuta ya kupaka. Nikajaribu mpaka machozi yakanitoka kwa hasira. Adhiambo akajaribu, na huyo binti, nampenda, lakini tangu mdogo spana ikimwona inateleza. Nikatoka nikaketi kwenye stuli yangu. Ilikuwa karibu saa nne. Kutoka kwangu mpaka Homa Bay ni mwendo wa kama saa mbili ukienda vizuri. Nguvu zilizokuwa zimebaki katika boma lile zilikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja tu, naye alikuwa amejificha kwa jirani.

"Mwite," nikamwambia Adhiambo.

"Mama, hawezi kulala chini wewe ukiwa hapo. Amesema heri afe."

"Hakuna anayekufa. Lete leso zangu mbili, zile kubwa za kujifunga."

Tukafunga kamba kutoka nguzo ya jikoni mpaka mti wa mpera, mbele ya gari, tukatundika leso zikashuka mpaka karibu na ardhi. Upande ule Marwa, chini ya gari, na tumbo lake likiwa wapi Mungu ndiye ajuaye. Upande huu mimi kwenye stuli. Adhiambo katikati, wa kupitisha vifaa. Redio nikaizima. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi yangu ya mwisho ya ufundi, nikitazama maua ya leso.

Msicheke. Kusikiliza ndiyo kazi niliyofundishwa kwanza kuliko kushika. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Sindo, Ogola, aliyekuwa akitengeneza injini za mashua na magari pamoja. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa akimchukua msichana kujifunza ufundi. Yeye alinichukua kwa sababu, alisema, wavulana wote aliokuwa nao walikuwa na haraka ya kupiga nyundo. Kwa muda mrefu alinikataza kugusa chochote. Alinikalisha nyuma ya injini akaniuliza nasikia nini. Nikikosea ananiuliza tena. Nilimchukia sana, kisha nikampenda sana.

Ogola alikuwa na mambo mawili ambayo sijayakuta kwenye simu ya mtu yeyote. La kwanza, hakuwahi kumwambia mtu aliye chini ya gari "kulia" wala "kushoto". Alisema ukilala chali, mikono juu, kulia kwako kunahama na kichwa chako kinakudanganya. Yeye alisema "kuelekea ziwani" au "kuelekea mlimani". Sote tulijua ziwa liko wapi, hata macho yakiwa yamejaa oili. La pili, chuma kikikataa, alikikanda. Mama yake alikuwa mkunga. Alikua akimwona akikanda wanawake waliojifungua kwa maji moto na kitambaa, taratibu, mpaka maumivu yalainike. Akaona bati na mpira vinaweza kusaidiwa vivyo hivyo. Wavulana walimcheka, lakini nati zao zilivunjika na zake zilitoka.

"Marwa!" nikaita kupitia leso.

"Naam mama."

"Kata hayo mabati yaliyochanika kwa mkasi wa bati. Yaondoe yote, na karatasi, na kila kitu. Nataka kibaki kitako peke yake, kile kisahani kilichobana kwenye injini. Usiguse injini yenyewe. Na angalia vidole, hayo mabati ni wembe."

Nikasikia mkasi ukila bati, kra, kra. Mabati yakapitishwa kwa Adhiambo moja moja.

"Kimebaki kisahani, mama. Kina matundu matundu."

"Sawa. Sasa Adhiambo atakupa kitambaa cha moto. Amekikamua, hakidondoki, maana maji yakiingia ndani ya injini tumeharibu zaidi. Kizungushe kwenye ukingo. Kikipoa mrudishie akupe kingine. Kanda."

"Mama... nikande?"

"Kanda! Hukumkanda mke wako alipozaa?"

"Nilimkanda, mama."

"Basi kanda hivyo hivyo."

Adhiambo akaangua kicheko mpaka nusura amwage sufuria ya maji moto. Na Marwa akakanda. Vitambaa vikaenda na kurudi, moshi wa kuni ukitufuata machoni. Saa ya ukutani nilikuwa naiona kupitia mlango wa jikoni na sikutaka kuitazama.

"Inatosha. Chukua patasi na nyundo ndogo. Ndogo, Marwa! Kuna mahali kisahani kina ukingo umesimama. Kwenye ule upande ulio karibu na geti, weka ncha ya patasi, kisha piga kuelekea jikoni."

"Kuelekea jikoni?" Sauti yake ikabadilika. "Mama, mimi tangu asubuhi nilikuwa nazungusha kuelekea choo."

Yesu na Maria! Tangu asubuhi kijana alikuwa akiikaza. Kila nguvu aliyoitoa, kila jasho, alikuwa anaizamisha filta ndani zaidi. Nikafumba mdomo kwa kiganja nisimvunje moyo. Bhoke alikuwa kwenye benchi.

"Hiyo imeshapita," nikasema. "Sasa ni jikoni. Piga kidogo kidogo. Usiwe na hasira nayo."

Akapiga. Ti. Ti. Ti. Hiyo ni sauti kavu na fupi, ya chuma kilichobanwa. Akapiga ikateleza, chwee. Nikamwambia aweke ncha upya, achimbe kijishimo kwanza mahali pa kushikilia. Ti. Ti. Jasho lilikuwa linanitoka kama kwamba mimi ndiye niliye chini. Akasimama kupumua. Nikamwambia akande tena mara moja. Akarudi kwenye patasi. Ti. Ti. Ti. Tup.

Nikasimama wima.

"Piga tena!"

Tup.

"Imesogea, Marwa! Imekusogelea, endelea kuelekea jikoni!"

"Sijaona ikisogea, mama."

"Wewe hujaona, mimi nimesikia! Piga!"

Tup. Tup. Halafu nyundo ikaanguka chini, na nikasikia vidole vikizungusha bati, swi, swi, swi, na mara Marwa akapiga ukelele uliowafanya mbuzi wa jirani wakate kamba. Oili iliyokuwa imebaki juu ilikuwa imemshukia usoni. "Imetoka! Mama, imetoka! Imetoka!" Nikasikia akijiburuta nje, akainuka, miguu ikaja mbio moja kwa moja kuelekea leso. Adhiambo akapiga kelele, "Marwa! Marwa, ni mama!" Akafunga breki. Nikaona viatu vyake chini ya leso, vinatetemeka kwa furaha. Halafu akachuchumaa, na mkono mweusi ukapita chini ya leso, umeshika kile kisahani kwa vidole viwili, kwa heshima, jinsi watu wanavyomkabidhi mkwe zawadi.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nawaambieni ukweli, nililia. Na Adhiambo akapiga vigelegele.

Lakini bado. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, wanasherehekea mapema. Nikakigeuza kile kisahani mkononi. Kwa kawaida kina mfereji wa mviringo, na ndani ya mfereji kuna pete ya mpira. Mfereji ulikuwa mtupu.

"Marwa, mpira uko wapi?"

"Mpira gani, mama?"

Niliwahi kuletewa lori la mahindi kutoka Ntimaru, limevutwa kwa mnyororo. Mwenyewe alibadilisha filta nyumbani, ile pete ya zamani ikabaki imegandia kwenye injini bila yeye kujua, akafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili. Ilishika vizuri pale nyumbani, ikashika mpaka sokoni. Kwenye mlima wa kwanza na mzigo mipira ikateleza, oili yote ikaoga barabara, na injini ikajifunga. Yule bwana aliketi kwenye benchi langu na hakuuliza tena fundi mwenyewe yuko wapi. Hakuwa na nguvu za kuuliza kitu.

"Rudi chini," nikamwambia Marwa. "Pitisha kidole pale filta ilipokuwa, zunguka pote. Niambie unasikia nini."

Kidole kikazunguka, kisha: "Kuna kitu laini, mama. Kama mkanda. Kimekauka."

"Huo. Uparue kwa kucha au kijiti cha mti, usitumie chuma. Halafu futa mpaka king'ae."

Pete ikapitishwa chini ya leso nayo. Ilikuwa imekauka kama biskuti. Ndipo nilipojua sababu ya ule ukaidi wote. Aliyeifunga hakuupaka mpira oili hata tone, akaufunga mkavu, tena kwa nguvu za kubomoa nyumba.

"Ni fundi gani alikufungia hii filta?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mkwe. "Nataka jina lake."

"Ni mimi, mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa spana ya mnyororo, mama. Na bomba kwenye mpini." Akaongeza haraka, "Barabara ya Ntimaru inatikisa sana. Sisi madereva wote wa huko tunakaza hivyo, isije ikafunguka njiani."

Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya jikoni. Yaani Kegonga nzima inazunguka na filta zilizokazwa kwa bomba! Barabara haifungui filta, watoto wangu. Itikise mpaka meno ya abiria yadondoke, filta iliyofungwa vizuri itabaki pale. Paka mpira oili safi kwa kidole. Izungushe kwa mkono mpaka iguse. Kisha kwa mkono huo huo, iongeze kidogo tu, kama unavyofunga chupa ya achari itakayofunguliwa na bibi yako. Basi. Marwa akafanya hivyo, na mara mbili nikamsikia akinong'ona kwa Adhiambo ampe mnyororo, na mara mbili nikakohoa.

Oili mpya ikatiwa. Injini ikawashwa, ikaachwa ingurume kidogo, Adhiambo akachungulia chini na tochi. Pakavu. Ikazimwa, tukapima oili kwa kile kijiti chake cha kupimia, tukaongeza kidogo. Akachungulia chini tena. Pakavu kabisa. Saa sita ilikuwa haijagonga. Marwa akajimwagia maji nyuma ya tangi, akavaa shati la marehemu mume wangu, wakatoka getini. Mimi nikampigia Bhoke.

"Wamekuja?" akafoka.

"Wanakuja. Wametoka sasa hivi."

"Kuna kijana wa pikipiki hapa, nimeshapatana naye."

"Bhoke, mwambie huyo kijana aende. Mtoto wako ameitoa filta kwa mikono yake. Kaa hapo kwenye benchi umsubiri kama malkia."

Akasema polepole, "Marwa ameitoa?"

"Marwa mwenyewe."

"Haya," akasema. "Nitakaa."

Walimkuta kwenye benchi, mizigo mapajani, akimwelezea kijana wa pikipiki kwa nini hakumhitaji. Adhiambo alinipigia kuniambia wamegeuza. Hawangesimama kwangu, barabara ya Kegonga bado ilikuwa mbele na Bhoke alitaka kufika mapema akague kuku wake. Basi nikaenda mimi barabarani. Nilivaa ovaroli langu, sikujali. Nikasimama pale kona na kile kisahani mkononi.

Gari jeupe likatokea jua likiwa bado juu. Kutoka mbali nikasikia injini, na nawaambia, ilikuwa inaimba. Marwa akapiga honi toka pale juu mlimani mpaka aliponifikia, hakuiachia. Macho aliyaweka barabarani, mkwe wangu mwema, hakunitazama. Bhoke alikuwa amelazwa kwenye kiti cha mbele kilichorudishwa nyuma, mguu umeinuliwa juu ya mito. Akaniona. Akatoa mkono dirishani na mkongojo wake, akautikisa hewani kama mkuki, akapiga ukelele wa Kikuria ambao sikuelewa hata neno moja na nikauelewa wote.

Mimi nikainua kile kisahani juu ya kichwa changu kwa mikono yote miwili, na vifundo vyangu siku hiyo havikuuma. Wenye vibanda wakatoka nje kuuliza ni timu gani imeshinda.

Jioni simu ikalia. Bhoke hakusalimia. "Mama Adhiambo," akasema, "niko kwa kitanda yangu." Nikasikia kuku nyuma yake. Halafu akacheka, akaniambia mwanawe ameshaita madereva wenzake uani, amelaza mmoja chini ya gari, naye amesimama kando anapiga kelele, "Kuelekea jikoni! Nimesema jikoni!"